Koki ya Kushoto

Koki ya kushoto haikuvuja usiku. Haikuvuja Jumapili. Wala haikuvuja ukiikazia macho, kwani Pindo alishawahi kuikazia macho Jumapili nzima, tangu chai ya asubuhi mpaka shingo ikamkakamaa, na koki ikatulia zake, kavu, na adabu zote. Lakini Jumatatu jioni aliporudi kutoka kazini, trei iliyokuwa chini yake ilikuwa imelowa tena, na ndani ya friji, kwenye rafu ya juu, kulikuwa na bilauri ya bia nusu, imefunikwa kwa kisahani.

"Imevuja tena," mkewe alisema bila kugeuka kutoka jikoni.

"Imevuja saa ngapi?"

"Mchana."

"Mchana saa ngapi?"

"Baba watoto, mimi nina kazi ya kulinda koki? Hiyo bia ndiyo hiyo, imefunikwa. Kunywa au mwaga."

Kumwaga bia ni dhambi ambayo Pindo hakuwa tayari kuibeba. Alivuta kigoda, akaketi mbele ya friji, akainywa ile nusu taratibu huku akiitazama koki. Koki haikusema kitu. Akamaliza, akaosha bilauri, akaifuta trei, akaenda kulala na swali lilelile alilolala nalo Ijumaa.

Watu walimwita Pindo kwa sababu ya kazi yake. Alikuwa fundi cherehani, na katika mtaa ule hakuna aliyejua kukunja pindo la suruali likakaa kama yeye. Alikuwa mtu wa vipimo. Kwake yeye kila jambo lilikuwa na mwanzo, mwisho na mshono katikati, na ukiupata mshono umelipata jambo. Koki ile ilimtesa kwa sababu aliitafuta kila upande na mshono hakuuona.

Friji yenyewe ilikuwa kuukuu, imesimama katika kijichumba cha nyuma ya jiko, pale panapowekwa ndoo na mifagio, karibu na mlango wa uani. Ndani mlikuwa na mapipa mawili madogo ya chuma, bega kwa bega, na mtungi wa gesi ya kuisukuma bia. Kila pipa lilikuwa na mpira wake uliopanda mpaka mlangoni na kutokeza nje kwa koki. Koki ya kulia ilikuwa ya Pindo. Ya kushoto ilikuwa ya kaka yake, maana kaka yake alitumia mkono wa kushoto kwa kila kitu, tangu kijiko hadi nyundo.

Kaka huyo ukoo mzima walimwita Injinia. Cheti hakuwa nacho. Shule aliiacha katikati, useremala akauacha kabla hajajifunza kutengeneza kabati, udereva akaufanya mpaka siku alipoamka akasema basi. Lakini mletee kitu kilichokufa, redio au pampu au feni, atakizunguka, atakisonya, na jioni utakikuta kinafanya kazi. Yeye ndiye aliyetoboa mlango wa friji ile, akapitisha mipira, akafunga koki kwa spana yake fupi yenye ndoano, ambayo aliichonga mwenyewe kwa sababu nati zile zilikuwa za duara na spana za kawaida hazikuzishika. Na kila jioni baada ya kazi walikaa pale wawili, kila mtu mbele ya koki yake, wakigombana kuhusu mpira na siasa na nani alivunja dirisha la jirani miaka hiyo ya utoto. Injinia alikuwa na mazoea yake. Povu la kwanza hakulinywa hata siku moja. Alilimwaga kwenye trei, akisema koki nayo imefanya kazi, iachiwe ionje.

Wamebaki wawili tu, hao. Baba na mama walishatangulia. Walipokuwa wadogo mama yao alikuwa na kikombe kimoja kikubwa cha bati, na chai ya asubuhi walinywa humo wote wawili: mkubwa anaanza, anaacha nusu, mdogo anamalizia. Na kila asubuhi ya Mungu mdogo alilia kwamba kaka amekunywa nusu kubwa. "Pima!" kaka alimjibu. Atapima kwa kitu gani, mtoto yule? Mama yao alikuwa akiwaambia wageni kwamba huyu mdogo amekuwa fundi cherehani kwa ajili ya kikombe kile, apate utepe wake mwenyewe.

Halafu ikaja harusi ya binti wa kwanza wa Pindo. Friji ilibebwa ikawekwa uani, wakwe wakaketi mstari wa mbele, na mkwe mwanamume, baba wa bwana harusi, alikuwa ndani ya suti ya kijivu ambayo Pindo mwenyewe alimshonea, zawadi, kola yake imelala vizuri mpaka unaona haya kuigusa. Injinia akavuta koki ya kushoto ili amwonjeshe mgeni. Koki ikafyatuka nzima kutoka mlangoni, na bia ikamrukia mkwe kifuani, ikateremka mpaka kwenye viatu.

Hapo Pindo alisema aliyoyasema. Alisema kwa sauti, mbele ya watu wa pande mbili. "Wewe kila kitu unakiacha nusu! Shule nusu, kazi nusu, mke ukamwacha nusu ya safari, na leo nati umeikaza nusu!" Watu wakacheka, wakidhani ni utani wa ndugu, na kicheko kile ndicho kilichomaliza kabisa. Injinia aliirudisha koki mahali pake, akaikaza mpaka mwisho, akaifuta spana kwa shati lake, akaitia mfukoni, akapita mlango wa uani. Tangu siku ile hakuonekana.

Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Methali hiyo Pindo aliwafunza wanawe, na sasa alikuwa akijifunza yeye, akiwa na mvi. Alimtaka kaka yake arudi. Hakuwa na jambo jingine alilolitaka kuliko hilo. Jioni moja alifika hadi kona ya nyumba ya Injinia, akaona taa inawaka dirishani, akaingia duka la jirani akanunua kiberiti ambacho hakukihitaji, akarudi kwake. Angesema nini? Maneno ya kuomba radhi alikuwa nayo, lakini kila alipoyapanga yalitoka marefu upande mmoja na mafupi upande mwingine.

Basi alichoweza kukifanya alikifanya. Pipa la kulia lilipokwisha alikwenda dukani likaja jingine, kama kawaida. Pipa la kushoto hakuligusa. Lilikuwa lilelile la siku ya harusi, karibu limejaa, na Pindo alijiapiza kwamba bia ile haitanywewa mpaka Injinia aje aketi aivute mwenyewe. Siku atakapoingia atakuta pipa lake linamngoja, na pengine hapo hapatahitajika maneno mengi. Ndiyo maana kila alipoiona trei imelowa roho ilimuuma. Pipa lile lilikuwa limebeba msamaha aliokuwa akiuomba kimyakimya, na sasa lilikuwa linavuja. Ile nusu ya jioni aliinywa kwa hoja kwamba bia iliyokwisha kuvuja haihesabiki.

Mwanzoni, tuseme ukweli, koki ilivuja kama koki zote za dunia zinavyovuja. Wiki zilizofuata harusi ilidondosha tone, ikapumzika, ikadondosha tone, usiku na mchana. Pindo aliishambulia kwa koleo, maana spana ilikuwa imeondoka na mwenyewe. Koleo liliing'ata nati meno yakabaki, na matone yakaongezeka. Akaenda kwa muuza vipuri.

Muuza vipuri alikuwa na duka lenye rafu mpaka darini na ugonjwa mmoja tu: hakuwahi kusema hajui.

"Raba imechoka," alisema kabla Pindo hajamaliza kueleza.

Pindo akanunua raba, akaibandika, na matone yakaendelea siku moja, siku ya pili yakakoma kabisa. Alijipiga kifua. Alimwita mkewe aje aone. "Umeona? Raba tu! Kuna watu hapa walikuwa wanajifanya mainjinia kwa kazi ya raba." Mkewe alitazama koki, akatazama nje, akasema hongera.

Siku iliyofuata, jioni, trei ilikuwa imelowa, na bilauri ya nusu ikaanza kumngoja kwenye rafu.

"Ni gesi," alisema muuza vipuri. "Mchana joto, gesi inatanuka, inasukuma. Usiku baridi, inatulia."

Pindo alipunguza gesi. Jumapili ilikuwa na joto la kukaanga yai barazani, na koki haikutoa hata tone. Jumatatu, siku ya mawingu, trei ikalowa.

"Basi koki yenyewe ina ufa. Ufa mdogo, hauonekani kwa macho."

Hili lilimwingia akilini, kwa sababu lilikuwa jambo la kupima. Akaamua kuzibadilisha: koki ya kulia aipeleke kushoto, ya kushoto aipeleke kulia. Kama ufa upo, uvujaji utahama nao. Hapo ndipo alipokutana na jambo la kwanza lililomtia bumbuwazi. Nati ya kushoto, ambayo aliikaza yeye kwa koleo na akajua aliikaza vibaya, ilikuwa imekaza kisawasawa. Aliikamia mpaka mishipa ikamtoka, ndipo ikakubali. Akabadilisha koki, akazirudishia nati kwa nguvu aliyokuwa nayo, ambayo haikuwa nyingi. Kesho yake jioni akaishika tena nati ya kushoto. Imekaza. Ya kulia, iliyokazwa na mkono uleule kwa koleo lilelile, ilicheza kama jino la mtoto.

"Chuma kikipoa hujikaza," alisema muuza vipuri.

"Zote mbili ziko kwenye friji moja!"

"Chuma na chuma hutofautiana."

Na uvujaji? Haukuhama. Koki iliyokuwa njema kulia, ilipofika kushoto ikaanza kulowesha trei, na ile mbovu, ilipohamia kulia, ikaokoka. Akabadilisha mipira. Kushoto. Akakunja kipande cha kadibodi akakiingiza chini ya mguu wa friji, kwa kuwa muuza vipuri alisema huenda sakafu imeinama. Kushoto. Pindo akaketi kwenye kigoda, mikono inanuka bia na grisi, akaona kwamba ameondoa kila kitu kinachoweza kuvuja na amebaki na tundu tu.

"Mke wangu," alisema, "tundu linaweza kuvuja?"

"Tundu lipi?"

"Tundu lenyewe. Uwazi."

Mkewe alikuja akasimama mlangoni, amebeba ndoo, akamtazama kwa huruma ambayo Pindo hakuielewa. "Baba watoto, kwa nini usimwite aliyeitengeneza?"

"Nani?"

"Unamjua."

"Aje mwenyewe. Mlango wa uani anaujua."

Mkewe akapaliwa na mate, akakohoa mpaka machozi yakamtoka, akaenda kumwaga maji nje. Pindo alidhani ni vumbi.

Jioni moja alirudi na utepe wa kupimia ukiwa bado shingoni, kama alivyosahau mara nyingi. Bilauri ilikuwa pale. Alikitoa kisahani, akasogeza utepe, akapima kutoka kitako hadi kwenye bia, kisha kutoka kwenye bia hadi mdomoni. Sawasawa. Kesho yake akapima tena. Sawasawa, hata upana wa uzi haukuzidi. Koki gani hii inavuja kwa kipimo? Inavuja saa za kazi, inapumzika Jumapili, inakaza nati zake yenyewe, inajaza bilauri nusu na kusimama. Hata wafanyakazi wake wawili dukani hawakuwa na nidhamu hiyo.

Akafungua friji akalitikisa pipa la kushoto. Liliinuka kwa mkono mmoja.

"Limekaribia kwisha!" alisema. "Limebaki kidogo sana! Kwa nusu bilauri kwa siku? Haiwezekani!"

Mkewe alikuwa akikunja nguo, na shati moja alilikunja, akalikunjua, akalikunja tena.

"Kesho nikirudi naling'oa," Pindo alisema. "Nachomoa mpira, nalifunga pipa, naliweka stoo na kufuli. Hicho kidogo kilichobaki kibaki."

"Usifunge."

"Kwa nini?"

"Acha livuje."

"Mama watoto, unasikia unachosema? Unajua lile pipa ni la nani?"

"Najua ni la nani kuliko wewe unavyojua," mkewe alisema, na sauti yake ilikuwa na hasira ambayo Pindo hakuona imetoka wapi. "Vitu vingine viache vivuje." Akabeba nguo zake akaingia ndani. Pindo alibaki amesimama, utepe mkononi, hajui sasa kama anagombana na koki au na mkewe. Akauweka utepe juu ya friji, akazima taa.

Kesho yake kabla ya saa ya chakula aliingia dukani kwake bwana mmoja mnene aliyetaka suruali ya haraka. Alikuwa mtu wa maneno. Alieleza kitambaa, akaeleza mifuko, akaeleza adui zake kazini, kisha akavua koti, akainua mikono, akasimama katikati ya duka tayari kupimwa. Pindo akapeleka mkono shingoni. Hakuna kitu. Akatazama mezani, chini ya cherehani, kwenye misumari. Wafanyakazi wake walitoa utepe wao, na ulikuwa umekatika kwenye namba zilezile ambazo tumbo la yule bwana lilizihitaji.

"Nisubiri hapo hapo," Pindo alisema. "Nyumbani ni karibu."

Kwa miaka yote hakuwahi kurudi nyumbani saa ile. Alikata njia ya nyuma, iliyokuwa fupi, akipita kwenye kamba za nguo na mapipa ya maji. Mlango wa uani ulikuwa wazi. Alipoukaribia akamsikia mkewe.

"Leo jioni anafunga pipa, shemeji. Mimi nimechoka kumwona anavyohangaika. Majuzi kaniuliza kama tundu linavuja. Mwambie, au nitamwambia."

"Nimwambie nini?" Sauti ile Pindo angeitambua hata chini ya maji. "Kwamba nakuja kumnywea bia akiwa kazini?"

"Si bia yako? Amekuwekea. Haigusi mtu."

Halafu chuma kikagonga chuma, kidogo tu.

Pindo akachungulia. Juu ya kigoda, mbele ya koki ya kushoto, alikaa Injinia, amempa mgongo. Mgongo ulikuwa umepungua nyama. Spana fupi yenye ndoano ilikuwa kwenye nati. Akaisukuma kidogo kuhakikisha, akaridhika, akaiweka gotini. Mkono wa kushoto ukavuta koki. Povu la kwanza likaruka kwenye trei, paa, likatapakaa. Koki ikaonja. Kisha akajaza bilauri, akainywa yote bila haraka, akajaza ya pili, akanywa, akaacha. Akaiinua ile iliyobaki kwenye mwanga wa mlango ili aone amefikia wapi.

Mwanga haukuwepo, kwa sababu Pindo alikuwa amesimama mlangoni.

"Pindo," Injinia alisema.

"Kaka."

Mke wa Pindo alikuwa ameweka mkono kinywani. Watatu walisimama katika kijichumba kile cha ndoo na mifagio, na kati yao hakuna aliyejua ni nani anayepaswa kuona haya.

"Nimesahau utepe," Pindo alisema.

"Uko juu ya friji," mkewe alimjibu.

Lakini hakuna aliyeufuata. Injinia aliiweka bilauri kwenye rafu, akaifunika kwa kisahani, akaifuta spana kwa shati na kuitia mfukoni, vilevile kama siku ile. Pindo aliuona ule mkono ukiingia mfukoni.

"Shemeji aliniita," Injinia alisema, akitazama sakafu. "Alisema inavuja na wewe unaitafuna kwa koleo. Nikaja, nikaitengeneza."

"Lini?"

"Zamani. Wiki ile uliyonunua raba. Raba yako uliigeuza, juu chini."

"Na siku nyingine zote hizi?"

"Nilikuwa naijaribu."

"Kila siku?"

"Kazi ikishafanywa hukaguliwa." Alisema hivyo kwa ukali wa mtu aliyekamatwa. Halafu akajongea mlangoni. "Nipishe. Una watu dukani."

Maneno yote ambayo Pindo aliyashona na kuyafumua kwa miezi yalimkimbia. Aliona tu kwamba kaka yake anapita mlango ule kwa mara ya pili, na ulimi wake, ulimi uleule, ukatangulia tena mbele ya akili.

"Unakwenda wapi na hujamaliza?"

Alipojisikia alitamani ardhi ipasuke. Mkewe alifumba macho. Injinia alisimama, mkono kwenye mwimo wa mlango, bila kugeuka.

"Ni kweli," alisema. "Imebaki nusu. Lakini hiyo sikuiacha kwa kuchoka, Pindo. Nimeiacha jana na juzi na siku zote. Ni yako. Ulidhani koki inakuwekea kwenye bilauri na kukufunikia kisahani?"

Pindo alidhani hivyo hasa. Alitazama rafu, akatazama trei, akatazama nati iliyong'atwa na meno ya koleo na kukazwa juu ya meno hayo na mkono mwingine. Kila jioni alikaa pale akiona uchungu wa kunywa peke yake, na kila jioni kaka yake alikuwa ameshakunywa kabla yake katika bilauri ileile na kumwachia yake.

"Nisamehe, kaka," alisema. Yalitoka mafupi pande zote. "Siku ile ya harusi. Nilikuumiza mbele ya watu, na tangu siku ile sijawahi kukaa hapa nikaona raha."

Injinia aligeuka. Alimtazama mdogo wake kwa muda mrefu, kama anavyokitazama kitu kilichokufa kabla hajaamua kama kinatengenezeka.

"Ile suti ilitakata?" aliuliza.

"Haikutakata. Anaivalia bustanini."

Injinia akacheka. Kilikuwa kicheko kidogo, cha puani, lakini mkono ukatoka kwenye mwimo. Mke wa Pindo akasema anakwenda kuangalia jiko, ingawa hakuna kilichokuwa jikoni, akatoka huku anajifuta macho kwa pembe ya kanga.

Pindo alichukua utepe juu ya friji akauning'iniza shingoni. Akaitoa bilauri kwenye rafu, akafunua kisahani, akaiinua kwenye mwanga wa mlango, akaikagua upande huu na upande huu.

"Umekunywa nusu kubwa," alisema.

Injinia akakivuta kigoda kwa mguu, akaketi mbele ya koki yake.

"Pima!" alisema.

Utepe ulikuwa shingoni. Pindo akainywa bila kupima.